Kamera ninayo, lenzi ninayo, mbona picha zangu zimepoa?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, napiga picha za harusi na sherehe za mtaani, na siku zisizo na kazi napiga maisha ya watu tu. Mwaka jana niliachana na simu nikanunua kamera kubwa ya mtumba na lenzi yake ya kawaida ya kuvuta, milimita 18-55. Picha zinatoka safi, hazijatetemeka, lakini zimepoa. Mtu anatazama, anasema 'nzuri', anapita. Rafiki yangu anapiga kwa simu na watu wanasimama kwenye picha zake. Halafu nyuso zinanisumbua: bibi yangu nikimpiga nje anatoka mweusi tii, macho hayaonekani, nikimpiga ndani kwa flashi anatoka kama kapakwa majivu. Nimepata lenzi ya mtumba ya milimita 85 kwa laki tisa. Niichukue? Au picha kali ni kipaji na mimi sikujaliwa? Nimekuambatishia picha mbili."*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja: kwa nini nyuso zinapotea, kwa nini picha hazimshiki mtu, na kama laki tisa itaponya yote mawili. La kipaji tuliache. Wengi hulitaja kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha kazi inavyofanyika. Lenzi nayo isubiri. Tuanze na bibi.

Kwenye picha ya kwanza bibi amekaa juu ya mbuzi uani, anakuna nazi, na nyuma yake kuna ukuta wa chokaa unaowaka jua. Kwa jinsi vivuli vilivyodondoka chini ya pua na kidevu, nadhani ilikuwa saa saba mchana. Wewe umesimama wima, kamera umeielekeza chini. Kitu cha kwanza ninachokiona ni ukuta. Cha pili ni ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi, sasa ya maji. Kisha kandambili moja, kisha waya wa kuanikia nguo unaoingia sikio moja la bibi na kutokea la pili. Bibi mwenyewe namfikia mwisho, na nikimfikia nakuta utosi wa ushungi na giza mahali pa macho.

Giza hilo usimsingizie bibi wala kamera. Kamera ikiwa kwenye otomatiki haijui iko mbele ya nani. Inapima mwanga unaoingia, na imeundwa kudhani kwamba vyote vilivyomo kwenye fremu, ukivichanganya, vitatoa kijivu cha katikati, kile ambacho wapiga picha hukiita kijivu cha asilimia 18. Ukuta wa chokaa juani uko mbali sana na kijivu hicho. Unarudisha mwanga mwingi, kamera inaona umezidi, inaupunguza mpaka ukuta ushuke, na bibi anashuka nao. Mtu mweupe angekaa pale pale naye angeshuka, ila yeye ana nafasi ya kushuka kabla hajapotea. Bibi hana.

Ndani ya nyumba mambo yanageuka. Chumba kina giza, kamera inahesabu weusi mwingi, inaiamuru flashi imwage mwanga wa kutosha kukipandisha chumba kizima kwenye kijivu. Mwanga huo unaishia usoni kwa bibi, ambaye ndiye aliye karibu. Na kwa kuwa taa iko juu kidogo tu ya lenzi, kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu kilichokitupa. Uso unabaki bapa na umepauka. Hayo ndiyo majivu yako.

Dawa ya kwanza ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho karibu kila kamera inacho na wengi hawakigusi. Mtu akiwa mbele ya ukuta mweupe, bahari au anga, jumlisha: anza na moja, ukiona bado nenda hadi moja na theluthi mbili. Ukuta utaungua. Uache uungue, hakuna aliyekuja kutazama chokaa. Lakini ukimsogelea mtu mweusi mpaka uso ujae fremu, au amevaa baibui na baibui ndilo lililotawala, fanya kinyume: toa theluthi mbili, kamera isije ikamgeuza kijivu kwa nguvu.

Hapa pia kuna siri moja ya rafiki yako. Simu za sasa hupiga fremu kadhaa kwa mpigo mmoja, zikaziunganisha, zikainua vivuli na kushusha anga kabla hajaona chochote. Nyingi huutafuta uso zenyewe na kupimia hapo. Kamera yako haikufanyii hisani hiyo. Inakuachia wewe uamue, na wewe hukuamua. Sehemu ya tofauti yenu ni hiyo tu, kwa hiyo usiumie sana.

Dawa ya pili ndiyo kubwa zaidi. Kuna uvumi mitaani kwamba watu weusi wanahitaji mwanga mkali. Wanachohitaji ni mwanga mpana. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Siku moja mtazame bibi akiwa amekaa mlangoni bila habari nawe: kuna mstari wa mwanga juu ya mfupa wa shavu, mwingine pembeni mwa pua, mwingine kwenye paji la uso. Mistari hiyo ndiyo inayomchora. Chanzo kidogo cha mwanga, kama flashi au jua la saa saba, hutoa mng'ao mdogo mkali unaofanana na tone la jasho. Chanzo kikubwa, kama mlango ulio wazi au dirisha pana, hutoa mng'ao mrefu na laini. Kwa hiyo mhamishe bibi aingie kivulini, kibarazani, na umgeuze autazame ule ukuta unaowaka jua badala ya kuupa mgongo. Ukuta uliokuwa unakuharibia picha sasa ni taa, tena kubwa kuliko taa yoyote utakayoweza kununua. Flashi zima.

Kuhusu saa, utaambiwa upige jua likikaribia kuzama, na ni kweli, ila ushauri huo kwa kawaida umeandikwa na watu wa nchi za mbali ambako jua huteleza pembeni kwa muda mrefu. Kwetu linashuka karibu wima. Saa kumi na moja na nusu jioni bado una mwanga mtamu, saa moja na nusu usiku ni giza totoro. Ukitaka kupiga nje, uwe umeshapanga watu wako mapema, maana ukianza kutafuta mahali jua likiwa limeshakuwa jekundu umechelewa.

Na kwa haki, niseme kwamba lawama zote hazikuanguka kwako. Enzi za filamu za rangi, maabara nyingi zilipimia rangi kwa kadi zilizotolewa na Kodak, kampuni ya filamu na kamera, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi hizo ni mwanamke wa kizungu. Kadi zenyewe zilijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo, wengine tukatoka tulivyotoka. Malalamiko yaliyosukuma mabadiliko hayakutoka kwa watu weusi pekee. Watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti nao walikuwa wamechoka kuona bidhaa zao za kahawia zinafanana zote. Mnamo 2021 Google walitangaza simu zenye marekebisho maalumu kwa ngozi nyeusi, kwa maana hiyo tatizo lilikuwa bado linafanyiwa kazi juzijuzi tu. Lakini kamera yako ya leo ina uwezo wa kumwonyesha bibi vizuri kabisa, kwa sharti kwamba umweke kwenye mwanga unaomfaa.

Sasa tuje kwenye kupoa, jambo ambalo naona ndilo linalokuuma kweli.

Ulipokuwa pale uani, ndoo hukuiona. Jicho la mtu huona kwa ukali sehemu ndogo tu ya katikati. Kinachobaki ubongo unakijazia na kukipuuza unavyotaka. Zaidi ya hapo ulikuwa unasikia mbuzi ikikwaruza, unanusa nazi, na aliyekaa mbele yako ni mtu unayempenda. Vyote hivyo vilikwambia mahali pa kutazama. Kamera haikusikia wala haikunusa. Ilichukua ndoo, kandambili, waya na bibi kwa heshima sawa. Mtu wa Arusha au Kigoma akipokea picha hiyo hana namna ya kujua ulitaka atazame nini, kwa hiyo anatazama kinachong'aa zaidi, anasema "nzuri", anapita. Nikiulizwa picha kali ni ipi, jibu langu ni hilo: ni ile ambayo mpigaji alishaamua kabla ya kubonyeza kwamba sisi tuone nini, kisha akaondoa kinachoshindana nacho.

Uamuzi huo unafanywa kwa miguu kabla ya vidole. Chukua kigoda ukae mbele ya bibi, macho yako yawe chini kidogo ya macho yake. Hapo tu utosi unakwisha na uso unaanza. Hatua mbili kushoto, ndoo inajificha nyuma ya mgongo wake. Kandambili iondoe kwa mkono, haki hiyo unayo, ni kwenu. Lenzi iweke kwenye 50 au 55, usiisogeze kwenye 18 kisha ukamkaribia. Ukaribu ule ndio unaokuza pua na kurudisha masikio nyuma. Kabla ya kubonyeza zungusha jicho kwenye kingo nne za fremu na uulize kila kilichopo kimefuata nini.

Halafu subiri. Kukuna nazi kuna mwendo wake. Bibi anasukuma, anazungusha kifuu, anasukuma, kisha mara moja moja anasimama, anakiinua kifuu kwenye mwanga achungulie kama nyama imebaki pembeni. Pale anapochungulia, uso umeinuka, macho yamefunguka, mkono umetulia, na weupe wa ndani ya kifuu unamrudishia mwanga kidevuni. Fremu yako ni hiyo. Ikikupita, usimwambie arudie, itarudi yenyewe kabla nazi haijaisha. Picha uliyonitumia umeipiga katikati ya kusukuma, kichwa kimeinama, kwa sababu ulibonyeza ulipokuwa tayari wewe.

Nenda kamtazame Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako nchini Mali, utamkuta mtandaoni bila shida. Alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anapigia uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani. Vifaa vilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida mteja alipata fremu moja tu. Kuna picha yake ya mwaka 1959 ya kijana aliyevaa suti nyeupe na miwani mizito, ameshika ua dogo mbele ya kifua. Unaanza kwenye miwani, unashuka kwenye vidole vilivyolishika ua, unarudi usoni. Huna pengine pa kwenda, Keïta alishafunga milango yote. Na uso ule mweusi juu ya nguo nyeupe, jambo linalokushinda wewe, yeye alilimudu kwa filamu ya nyeusi na nyeupe bila kioo cha kuangalia matokeo.

Ukimaliza hapo tafuta picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria, iliyopigwa mnamo 1930, ambayo jina lake linataja Ziwa Tanganyika: wavulana watatu wanakimbilia mawimbi, wametupa mgongo. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha maarufu wa Ufaransa, alisema picha hiyo ndiyo iliyomwasha aanze kupiga. Nyuso hazionekani, na miili ni mieusi tii, lile lile unalolalamikia. Mbona inafanya kazi? Kwa sababu weusi ule umewekwa juu ya povu jeupe kwa makusudi, na mikono na miguu imeachana kiasi kwamba kila mkimbiaji anasomeka. Picha ya bibi imekuwa nyeusi kwa bahati mbaya, na sisi watazamaji huwa tunaihisi tofauti hiyo hata tusipoweza kuieleza.

Utasikia mengine pia. Kwamba picha lazima iwe kali kama wembe: picha za vita alizopiga Robert Capa kwenye ufuo wa Omaha, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 zimejaa ukungu na mtikisiko, na bado zinatazamwa. Kwamba mtu lazima awekwe kwenye theluthi ya fremu: ni desturi nzuri ya kuanzia, basi. Kwamba kuhariri kutaokoa: kuhariri huinua kilichopo, na wewe hapo hukuwa na macho ya kuinua. Programu za kulainisha ngozi nakuomba ukae nazo mbali. Zinafuta ule mng'ao tuliohangaika kuupata, na nyingi humfanya mtu awe mweupe kuliko alivyoamka.

Picha ya pili, ya bibi harusi na somo wake, ina ugonjwa mwingine. Wako chini ya turubai la bluu, saa nane mchana. Jua linapita kwenye turubai, na bluu yote inawaangukia usoni, huku pembeni mwanga mweupe unaingia kutoka nje. Shavu moja la somo ni la bluu, la pili ni la kawaida. Hakuna mpangilio wa rangi kwenye kamera utakaorekebisha mashavu mawili yanayotofautiana. Ukilitibu moja unaliharibu lingine. Sogeza watu. Waombe waje mpaka ukingoni mwa turubai, bado kivulini, wageukie nje, wewe ukiwa umesimama nje. Ni hatua nne. Hata siku ya harusi yenye haraka zake utazipata hatua nne, hasa ukimwomba somo mwenyewe, maana yeye akisema "njooni huku" hakuna anayebisha.

Na hilo linanikumbusha: bibi yako kwenye ile picha ushungi umerudi nyuma na nywele zinaonekana. Muulize kama yuko radhi kabla hujaiweka popote. Mtu aliyekubali kupigwa hajakubali kurushwa mtandaoni, na kwa mpiga picha wa mtaani mlango ukifungwa mara moja habari hufika nyumba zote.

Haya, laki tisa. Milimita 85 ni lenzi nzuri ya sura, sitakudanganya. Lakini kamera inayokuja na 18-55 kwa kawaida ina kihisi kidogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, hivyo 85 juu yake inabana zaidi. Kumpata mtu aliyesimama, toka kilemba hadi viatu, utahitaji kurudi nyuma kama mita 7. Sebule ngapi za Tanga zina mita 7 zisizo na kochi? Itakufaa nje, kanisani, ukumbini ukiwa umekatazwa kusogea. Nyumbani kwa bibi itakutupa barabarani.

Kama ni lazima utumie hela, tafuta ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Kwa watengenezaji wengi ndiyo miongoni mwa lenzi zao za bei ya chini kabisa. Lenzi uliyo nayo, ukiivuta hadi 55, hufungua f/5.6 tu; ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwenye harusi za usiku tofauti hiyo utaihisi mkononi, na hapo sitakwambia vifaa havina maana. Vina maana giza likiingia, na vina maana ukipiga mpira uwanjani. Kwa bibi na nazi yake saa nne asubuhi, ulicho nacho kinatosha. Ningekuwa wewe, ningepiga miezi michache bila kununua kitu, nikaona ni picha zipi hasa zinanishinda kwa sababu ya lenzi.

Ukienda kuiona lenzi yoyote ya mtumba hapo pwani, nenda na tochi ya simu. Fungua tundu, mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui zimejikunja pembeni ya kioo, hiyo ni kuvu, unyevu wetu unaipenda. Rudisha lenzi, hata akikupunguzia nusu. Ya kwako ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, usiifungie kabatini ndani ya mkoba wa ngozi.

Kuna mambo ambayo kwa maandishi siwezi kukusaidia. Kuvu ikishaingia kwenye lenzi yako, mpelekee fundi wa kamera, usiifungue mwenyewe. Ukiona unalenga jicho na kinachotoka kikali ni sikio, jaribu hivi: laza rula mezani kwa mshazari, lenga namba 15 huku kamera ikiwa kwenye stendi, rudia mara kadhaa. Kama kila mara kali ni 13 au 17, mwone fundi huyo huyo. Kabla ya hapo lakini, angalia kigurudumu kidogo pembeni ya kidirisha unachochungulia. Kinapogeuzwa mkobani bila kujua, unaona ukungu wakati kamera haina kosa. Kizungushe mpaka maandishi ya ndani yawe makali. Yakikataa, na hata vibao vya daladala huvisomi kwa mbali, nenda kapimwe macho.

La mwisho, mtafute mpiga picha mkongwe hapo mjini umbebee mizigo kwenye harusi mbili tatu. Utajifunza zaidi kwa kuona anaposimama kuliko kwa barua yangu. Kisha mpige bibi upya, kibarazani, ukiwa kwenye kigoda, na unitumie fremu tatu ulizozichagua mwenyewe. Zitume kwa barua pepe kama zilivyotoka kwenye kamera, usizipitishe WhatsApp kama picha, inazibana hadi nishindwe kujua kosa ni lako au ni lao.